Wale watu watano wasibaki ndani ya kisanduku



Karibu wote mmekwisha kupita katika chumba cha kazi za mikono na kuona kile kifaru kidogo kilicho juu ya meza ya dirishani. Wadogo wa mwaka wa kwanza wamepita mara kumi. Tangu mwanzo wa muhula huu kimekuwa habari ya kila mahali, katika interna, kwenye foleni ya maji, hata katika mkutano wa wakubwa wa madarasa. Watu wamegawanyika, na wengine wamefika kusemeshana vibaya. Nimesikia maneno ya kila upande. Sasa ninaomba nafasi niseme wazo langu, si kama kapita wa shule anayetoa amri, ila kama mwanafunzi kati ya wanafunzi.

Kwa wale ambao hawajui habari: mgeni mmoja wa shule alituachia kisanduku chenye vipande vya plastiki vya kujengea kifaru cha Marekani, aina ya Sherman, cha Vita Kuu ya Pili, pamoja na watu watano wa kukiendesha. Kikundi cha kazi za mikono kimekijenga kwa maonyesho ya sikukuu ya shule. Kifaru chenyewe kimekwisha. Minyororo imefungwa, mzinga umenyooka, rangi ya kijani ya kiaskari imekauka vizuri. Lakini watu watano wangali ndani ya kisanduku, wameshikamana na vijiti vyao, rangi ya kijivu, bila sura.

Ugomvi uko hapo. Kundi la kwanza, na ndilo kubwa, linasema watu waachwe. «Kapita, mutu hana kazi pale. Siye tunataka kifaru tu.» Kundi la pili linasema kifaru chote kiondolewe, maana shule ya kanisa haionyeshi silaha. Kundi la tatu linakubali watu wawekwe, ila wapakwe rangi ya wazungu kama karatasi ya maelezo inavyoagiza. Mimi sikubaliani na kundi hata moja, ingawa lile la pili ninaliheshimu. Ninaomba watu wote watano wawekwe, kila mmoja mahali pake, wapewe kazi nyingi kuliko kifaru chenyewe, na wapakwe rangi ya ngozi yetu. Nitaeleza sababu.

Kwanza mjue kipimo. Kifaru chetu ni cha 1 kwa 35. Maana yake urefu wowote wa kitu cha kweli umegawanywa kwa 35. Sherman ya kweli ilikuwa na urefu wa karibu mita 5 na sentimita 84, na yetu ni karibu sentimita 17. Mtu wa mita 1 na sentimita 75 anakuwa sentimita 5. Kichwa chake hakifiki milimita 7, ni kama punje ya muhindi. Wale wa hesabu watafurahi kusikia habari ya uzito: hapo hatugawanyi kwa 35, tunagawanya kwa 35 mara 35 mara 35, yaani 42.875. Sherman ilikuwa na tani kama 30. Basi kama yetu ingekuwa ya chuma kilekile, ingepima kama gramu 700 tu. Nimewauliza finalisti watatu wa sayansi, wawili walijibu karibu tani moja. Tuache.

Hiki kipimo cha 35 hakikutoka kwa jenerali wala kwa profesa. Nyumba ya Tamiya, ya mji wa Shizuoka katika Japani, mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilitengeneza kifaru cha plastiki cha aina ya Panther chenye mota ndani, na ukubwa wake ulichaguliwa ili mabetri yapate nafasi. Kile kipimo kikaenea duniani. Ninasema hivi kwa sababu inatoa somo kwa kundi la kwanza: tangu mwanzo watoto walipenda kifaru kinachotembea mezani, na ndani yake, mahali pa watu, palikuwa na mabetri.

Ndugu zangu, kifaru cha kweli hakitembei kwa mabetri. Katika Sherman walikuwamo watu watano. Mbele upande wa kushoto, shofere. Mbele upande wa kuume, msaidizi wake mwenye bunduki ya mashine. Juu, ndani ya kile kichwa kinachozunguka, walikaa watatu: mpiga mzinga, nyuma yake mkubwa wa kifaru aliyetoa kichwa nje ili aone njia, na ng'ambo ya mzinga yule wa kutia makombora. Huyu wa mwisho ndiye ninayemhurumia kuliko wote. Kombora moja la mzinga wa milimita 75 lilikuwa na uzito wa karibu kilo 9, naye alilichukua, alilisukuma ndani, mzinga ukalia, ganda la moto likaanguka miguuni pake, akachukua jingine. Yote hayo katika nafasi ndogo kuliko jikoni ya nyumbani kwenu, na gari linaruka juu ya mashimo.

Sasa angalieni jambo ambalo mtu haulizi mpaka aanze kuweka watu. Akiwaka moto, huyu wa makombora atatokea wapi? Sherman za kwanza kule juu zilikuwa na mlango mmoja tu, wa mkubwa wa kifaru. Watu watatu, mlango mmoja. Yule wa makombora alipaswa kupita chini au nyuma ya mzinga na kungoja wawili wengine watoke kwanza. Na moto ulikuwa unakuja mbio, sababu makombora yaliwekwa pembeni ya gari, na adui akitoboa ubavu aliyakuta palepale. Baadaye Wamarekani walitoboa mlango wa pili juu yake, wakahamisha makombora chini sakafuni, na katika Sherman nyingi za mwaka 1944 wakayazungushia maji. Watu wengi zaidi wakatoka wazima.

Kifaru chetu kina milango miwili kule juu. Kundi la kwanza limeugundisha ule wa pili kwa kole, umefungwa kabisa, «ili kiwe safi». Niliuliza kijana aliyeufunga kama anajua ulikuwa mlango wa nani. Akasema: «Sijue, ni kifuniko tu.» Sikumlaumu. Pasipo mtu, mlango ni kifuniko kweli. Lakini ndiyo sababu ninasema kifaru bila watu kinafundisha uongo. Kinaonyesha nguvu zinazojiendesha zenyewe, chuma ambacho hakiogopi, hakisikii kiu, hakitafuti mlango. Mtu akikitazama hivyo atatamani kuwa kifaru. Akiwaona wale watano, hasa yule mmoja aliyebanwa nyuma ya mzinga, atatamani jambo jingine. Kwa bahati kole haikuingia sana, na kwa wembe mlango umefunguka juzi.

Nije kwa kundi la tatu, la rangi. Karatasi ya maelezo iliyo katika kisanduku inaonyesha kila sehemu ipakwe nini: buti, kofia, ukanda. Kwa uso na mikono imeandikwa rangi ya nyama ya mtu, na namba ya chupa. Fungua chupa hiyo, ni rangi ya waridi. Mwenzetu mmoja akasema: «Karatasi njo imesema vile, na Sherman ilikuwa ya wazungu.»

Hapana. Si za wazungu tu. Jeshi la Marekani wakati ule liliwatenga weusi na weupe, na kutenga huko kulipigwa marufuku na rais Truman mwaka 1948 tu, vita ikiwa imekwisha. Lakini mwezi wa 4 mwaka 1942, katika kambi ya Claiborne, jimbo la Louisiana, kilianzishwa kikosi cha vifaru cha watu weusi, namba 761. Isipokuwa maofisa wachache, wote walikuwa weusi. Walijiita Chui Weusi. Walifanya mazoezi zaidi ya miaka miwili, maana wakubwa wengi hawakuamini kwamba mtu mweusi anaweza kupigana ndani ya kifaru. Mwezi wa 10 mwaka 1944 walifika Ufaransa, na mwezi wa 11 waliingia vitani katika nchi ya Lorraine, chini ya jenerali Patton, kwa mvua na matope. Mwezi wa 1 mwaka 1945 walipigana katika theluji ya Ubelgiji, kwenye kijiji cha Tillet. Mwezi wa 5 walikuwa wamefika Austria na kukutana na Warusi. Magari yao mengi yalikuwa Sherman. Tena Sherman hizihizi.

Fikirini kidogo hilo jina la Ubelgiji. Mwaka 1945 sisi hapa tulikuwa koloni ya Wabelgiji. Babu zetu wa Force Publique walikuwa wamekwisha kwenda Abisinia mwaka 1941 kupiga Waitaliano, Asosa, Gambela, hata Saio ambako jenerali Gazzera alijitoa mikononi mwao. Waliporudi hawakuruhusiwa kukaa meza moja na mzungu. Na wakati uleule, kule Ubelgiji kwenyewe, vijana weusi wa Marekani walikuwa ndani ya vifaru wakiikomboa nchi ya wakubwa wetu. Nani kati yetu alisoma hilo darasani? Mimi sikulisoma.

Mmoja wa wale vijana aliitwa Ruben Rivers, sajini, mtoto wa Oklahoma. Tarehe 16 mwezi wa 11 mwaka 1944, karibu na kijiji cha Guebling, kifaru chake kilikanyaga bomu la ardhini na mguu wake ulipasuka hata mfupa ukaonekana. Alikataa dawa ya maumivu, alikataa kupelekwa nyuma, akapanda kifaru kingine. Kwa siku tatu aliendelea. Tarehe 19 kundi lake lilipopata amri ya kurudi, yeye alibaki akipiga mizinga ya adui ili wenzake wapate kuondoka, naye akauawa. Kapiteni wake, mzungu, aliomba apewe nishani ya juu kabisa. Ilitolewa mwaka 1997. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi.

Basi kupaka uso rangi yetu si kujidanganya wala si kuwafurahisha watu wa nyumbani. Ni historia. Na ni kazi ngumu kuliko rangi ya waridi, nawaambia wale wanaodhani tutatumbukiza kichwa katika rangi nyeusi na kumaliza. Tulijaribu kichwa kimoja cha ziada kwa nyeusi: kikawa shimo. Hakuna pua, hakuna shavu, hakuna mtu. Kwa maana hakuna hata mmoja katika shule hii mwenye ngozi nyeusi kama makaa. Tazama mkono wako karibu na dirisha. Kuna kahawia, kuna wekundu ndani yake, mahali pengine kuna manjano.

Tumefanya hivi, na mwalimu wetu wa kuchora amekubali. Rangi ya kwanza ni kahawia yenye tone la nyekundu. Ikikauka, kwenye mashimo ya macho, chini ya pua, chini ya taya na ukingoni mwa kofia, tunapitisha kahawia nzito iliyopunguzwa sana, ijiingize yenyewe. Kisha kwenye paji la uso, mgongo wa pua na mashavu tunaongeza ile rangi ya kwanza yenye manjano kidogo. Si yenye nyeupe! Ukitia nyeupe, uso unakuwa wa majivu, kama mtu aliyeoga asubuhi akasahau mafuta. Jicho la mtu katika kipimo chetu halifiki milimita moja, kwa hiyo hatuchori mboni. Mstari mwembamba wa giza unatosha, na kofia yenyewe inatia kivuli. Halafu kiganja. Kiganja chetu ni cheupe kuliko mgongo wa mkono, na yule mwenye kutia makombora amefungua mkono wake wa kuume. Yule mdogo wa mwaka wa pili ndiye aliyekumbuka hilo, si sisi wakubwa.

Kuhusu matope: kuna waliotaka kupaka udongo wa uwanja wetu kwenye minyororo. Udongo wetu ni mwekundu. Matope ya Lorraine ya mwezi wa 11 hayakuwa mekundu. Tupake kahawia yenye kijivu, tuache udongo wetu kwa kazi yake.

Sasa kundi la pili. Hawa wanasema: sisi watu wa Kivu hatuhitaji kifaru cha mchezo, tumeona vya kweli. Wamemtaja nabii Isaya na habari ya panga na majembe. Mama Mwalimu mmoja ameniambia, kwa upole, kwamba akiona ule mzinga mezani hawezi kufundisha chumba kile siku hiyo, na ninajua sababu zake. Mimi nilizaliwa zaidi ya miaka kumi baada ya vita ya 1996, lakini neno «kadogo» tunalijua wote. Wale kadogo wa 1996 na 1997 walikuwa wadogo kuliko mimi, wengine wadogo kuliko wa mwaka wetu wa kwanza, na bunduki iliwapita kimo. Mtu akisema hataki mtoto yeyote wa shule hii apende silaha, ninasema amina.

Lakini ninawauliza hawa ndugu: tukificha kifaru, vijana watavipenda kidogo? Mimi ninalala interna. Ninaona vinavyochorwa nyuma ya madaftari. Ni vifaru, ndege na bunduki, na karibu kila kimoja hakina mtu ndani. Hakuna aliyewafundisha hivyo. Silaha ya peke yake ni rahisi kuchora na ni rahisi kupenda. Tukiondoa kifaru mezani, madaftari yatabaki vilevile. Tukikiacha bila watu, tumeongeza daftari moja kubwa. Tukiweka wale watano, na milango iko wazi, na karatasi inaeleza ni nani alikaa wapi na alitokea wapi au hakutokea, basi kijana wa mwaka wa kwanza atakayeuliza «mzinga unapiga mbali gani?» atapata pia jibu la swali ambalo hakuuliza.

Hata hivyo Mama Mwalimu amesema jambo la kweli, na si haki yeye aendelee kufundisha mbele ya mzinga. Kwa hiyo katika mkutano wa wakubwa wa madarasa nimeomba, na Bwana Prefe amekubali, kifaru kihamishwe leo kutoka chumba cha kazi za mikono kiende kabatini, na siku ya maonyesho kiwe kwenye meza ya historia, si mlangoni. Mzinga utaelekezwa ukutani. Wale ambao hawataki kukiona watapita upande wa mimea na wadudu, ambao nao umefanyiwa kazi nzuri sana mwaka huu.

Kikundi cha kwanza wamenijibu kwamba muda hautoshi. Tufanye hesabu. Vichwa viwili vimekwisha: mkubwa wa kifaru na yule wa makombora. Kila kimoja kilichukua alasiri mbili. Wamebaki watatu, na mbele ya sikukuu tuna Jumatano tatu na Jumamosi tatu. Inatosha, kama hatutapiga kelele kuliko kupaka. Nguo zao si shida: jaketi fupi la rangi ya mchanga, suruali ya kijani, kofia ngumu yenye matundu, na miwani ya vumbi juu ya paji.

Tunakosa burashi nyembamba. Mwenye burashi ya zamani asiitupe, tutapunguza nywele zake zibaki chache. Tunahitaji pia vifuniko vya chupa kwa kuchanganyia rangi, wembe mmoja, na taa nzuri kama moto wa umeme utakatika. Wasichana ambao mwalimu wa kuchora amewasifu mkono wao, tunawaomba waje. Mpaka sasa kikundi ni cha wavulana tu, na hakuna sababu. Tutaanza na shofere, Jumatano baada ya chakula.

Kapita wa shule,
finalisti